Kisiwa nilichokijaza watu

Mwaka 1998, kisiwa kidogo cha Misali, huku kwetu Pemba, kilipotangazwa kuwa eneo la hifadhi, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa tu nyumbani Wesha, sina kazi wala chuo. Wesha ndiyo bandari ya Chake Chake, na madau mengi yanayokwenda Misali huondokea kwetu. Miezi ile vikao havikwisha. Wageni walikuja na makaratasi, na makaratasi yenyewe yameandikwa Kiingereza. Siku moja mkalimani wao alichelewa. Watu wameshakaa, jua linapanda, na ami yangu, aliyekuwa na sehemu yake katika dau moja, akanishika bega akanisukuma mbele. "Huyu kasoma," akawaambia. "Atatusomea."

Harufu ya pahala pale naikumbuka mpaka leo. Dema, mitego ya samaki, zimetolewa majini zinanuka mwani, na pembeni nahodha mmoja mtu mzima anashona wavu, sindano inaingia na kutoka wala haitazami mikono yake. Nikapewa karatasi. Mistari ya mwanzo nikapita salama. Nikafika paliposema "Misali is an uninhabited island".

Neno lile sikuwahi kukutana nalo. Lakini skuli tulifundishwa kwamba "un" mbele ya neno maana yake si, na "in" mbele ya neno maana yake pia si. Na kwenye hesabu tulifundishwa hasi mara hasi ni chanya. Hapa nina "un", kisha nina "in". Nikapiga hesabu yangu haraka haraka, watu wananisubiri, nikasema kwa sauti: "Misali ni kisiwa chenye wakaazi."

Sindano ya wavu ikasimama.

"Mwanangu," yule nahodha akasema, "wakaazi gani hao? Mimi Misali nakwenda tangu mdogo, nafuatana na marehemu baba. Nimepiga dago, kambi ya uvuvi, pale siku zisizo hesabu. Nyumba ya mtu sijaiona."

Miaka michache nyuma palikuwa na maneno kwamba kisiwa kitajengwa hoteli, na watu walikuwa hawajasahau. Neno langu likaangukia juu ya kidonda. Mmoja akainuka: "Basi ndiyo kusema wameshapewa watu!" Mwengine akauliza wamepewa nani, lini, kwa saini ya nani. Mimi nimesimama na karatasi mkononi, natetemeka, sijui nilirudishe vipi neno lililokwishatoka. Mkalimani alipofika aliusoma mstari ule mara moja tu. "Hapana jamani. Imeandikwa kisiwa hakikaliwi na watu." Kikao kikaendelea, mimi nikarudi kukaa nyuma kabisa. Jioni ami hakunikemea. Aliniambia tu, "Kesho uwafuate wazee wale ukawatake radhi." Nikenda, mlango kwa mlango.

Ile karatasi niliondoka nayo. Usiku, mbele ya kibatari, niliisoma tena polepole, na nilipofika kwenye mstari ule nikaona kitu ambacho mchana sikukiona. Sentensi ilikuwa haijesha. Baada ya "uninhabited island" palikuwa na alama ya mkato, kisha "although fishermen camp there for days at a time". "Although" nilikuwa nalijua, ni ingawa. Sasa kama kisiwa kina wakaazi, nani ataendelea kusema ingawa wavuvi hupiga dago pale? Ingawa huitwa kazini pale ambapo jambo la pili linakwenda kinyume na la kwanza. Kisiwa hakikaliwi, ingawa wavuvi hulala pale siku kadhaa. Jibu lilikuwa limekaa hatua mbili tu kutoka kwenye neno lililonishinda, na mimi nilisimama kwenye neno nikapiga hesabu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: mimi ni mtoto wa Wesha. Misali nilishafika. Nilijua kwa macho yangu kwamba pale hapana kijiji. Lakini kwa kuwa karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kila nilichokijua nilikivua mlangoni kama viatu nikaingia mtupu. Baadaye nimewaona wanafunzi wengi wakifanya hivyo hivyo. Mtoto mwerevu, anayekuelezea bahari yote kwa Kiswahili, akiona ukurasa wa Kiingereza anaacha kufikiri na anaanza kutafuta.

Simlaumu mwalimu wetu wa skuli. Darasa lilifurika na vitabu vilikuwa vya kugawana. Alichoweza kufanya ni kuandika orodha ubaoni, upande huu neno, upande ule maana, na sisi tunakili tukahifadhi. Kuhifadhi tulikuweza, maana sote tumepita chuoni kusoma Kurani na kichwa kilishazoea. Ijumaa tunatahiniwa, tunapata, na Jumatatu orodha imekwenda na maji. Neno lililokaa peke yake upande wa kushoto wa daftari halina jirani wa kuulizwa.

Aliyenifungua macho alikuwa maalim mmoja mstaafu wa Chake, aliyekuwa akikaa barazani kwake baada ya Alasiri na redio yake ndogo. Nilimpelekea ile karatasi, nikamweleza aibu yangu yote. Hakucheka. Akaniuliza, "Inhabit maana yake nini?" Nikamwambia sijui. Akanambia ni kukaa pahala, kuishi ndani yake. "Sasa hiyo in hapo inakataa nini?" Nikanyamaza. "Haikatai kitu. Hiyo ni ndani. Kuna in mbili, mwanangu. Sura zao moja, lakini si ndugu. Moja ni si, nyengine ni ndani."

Zote mbili, akanieleza, zimetoka Kilatini, na huko Kilatini nako zilikuwa mbili tokea zamani. Ya kukataa ndiyo unayoiona katika "incorrect", "invisible", "incomplete". Ya ndani ndiyo iliyomo katika "include", "inject", "inhale" na "inhabit". Kwa hiyo "uninhabited" haina hasi mbili. Ina hasi moja tu, ile "un", nayo inakataa kile kilichobaki chote: hakikaliwi.

Akanipa kipimo ambacho nakitumia mpaka leo. Ondoa kiambishi, utazame kilichobaki kama kinasimama. "Correct" inasimama, "visible" inasimama. "Clude" haisimami, "ject" haisimami, basi ujue pale "in" haikuja kukataa. Lakini hapo hapo akanitahadharisha kwamba kipimo kile ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Ukiondoa "in" kwenye "inhabit" unabaki na "habit", neno linalosimama vizuri kabisa na maana yake ni tabia. Mtu akishika kipimo peke yake atasema "inhabit" ni kukosa tabia. Shahidi wa pili ni sentensi.

Nilikwenda barazani pale karibu kila siku msimu mzima. Nikaanza kuziona hizo "in" za ndani kila pahala. Kwenye maandishi ya msitu wa Ngezi, kule kaskazini karibu na Konde, wanaandika "indigenous trees", na mimi nilidhani ni miti isiyokuwa ya kitu fulani. Kumbe ni miti ya asili, iliyozaliwa humo humo ndani. Kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 huitwa "invasive", maana wameingia wakavamia. Na dumu la petroli likiandikwa "inflammable", tafadhali, usilisogeze karibu na jiko. "Flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja: kinashika moto upesi. Hili nalisema kila mwaka, mwanafunzi mpya na wa zamani, kwa sababu hapa kosa la msamiati linaweza kuunguza nyumba.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niipende kazi hii. Lilinijia nyumbani, kwenye karafuu.

Ilikuwa msimu, na mbele ya nyumba yetu majamvi yametandikwa, karafuu zimeanikwa, nusu zimeshaanza kugeuka rangi. Mimi nimekaa ukumbini na daftari langu nahangaika na "un". Nilikuwa nimeandika "unhappy", asiye na furaha; "unclean", kisicho safi; "untie"... nikakwama. Kwa kanuni yangu "untie" ingekuwa kutofunga. Lakini sentensi niliyoipata ilisema mtu alichukua kamba "and untied the boat", kisha dau likaondoka. Kutofunga dau siyo sababu ya dau kuondoka saa ile. Kuna kitu kimetendeka hapo.

Wingu likapanda ghafla kutoka mashariki. Mama akapiga ukelele kutoka jikoni: "Anueni karafuu! Anueni!" Sote tukatoka mbio, mwenye jamvi jamvi, mwenye pakacha pakacha. Na mimi nimeinama nazoa karafuu, mvua inanipiga mgongoni, neno la mama linazunguka kichwani. Anika, anua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Vaa, vua. Pakia, pakua. Kuanua siyo kutoanika. Kuanua ni kukitengua kile kitendo cha kuanika, kukirudisha nyuma.

Katika sarufi tunaiita kauli ya kutendua, na tangu skuli nilikuwa naijua kwa jina. Lakini sikujua kwamba Waingereza wanayo, na kwamba wameivalisha nguo ile ile ya "un". Wakiibandika kwenye sifa, inakataa: "unhappy", "unclean", "unfair". Wakiibandika kwenye kitendo, mara nyingi inatengua: "untie" ni fungua, "unfold" ni kunjua, "unload" ni pakua, "undress" ni vua, "unlock" ni fungua kwa ufunguo. Sisi tuna milango miwili kwa mambo haya mawili, wao wana mlango mmoja, na anayeingia hajulikani ni nani mpaka utazame nyuma yake kuna kitendo au kuna sifa. Kuna hata maneno yanayobeba zote mbili. "Unlockable" inaweza kuwa mlango usiofungika na inaweza kuwa mlango unaofungulika. Kiswahili hakiwezi kukuchanganya hapo. Kiingereza kinakwambia katazame sentensi.

Siku ile karafuu zetu kidogo ziliroa, tukazianika tena kesho yake. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Baada ya hapo nikaanza kukitafuta Kiingereza ndani ya Kiswahili changu, na nikakuta mengi. Kwa mfano, wanafunzi husumbuka sana kwa nini ni "impossible" na siyo "inpossible", kwa nini "illegal", kwa nini "irregular". Wanapewa kanuni: mbele ya p, b na m inakuwa "im", mbele ya l inakuwa "il", mbele ya r inakuwa "ir". Wanahifadhi, wanasahau. Mimi huwaambia kwanza waseme nyumba refu. Wanaguna, masikio hayakubali. Ni nyumba ndefu. Semeni njia nbaya. Haitamkiki, ni njia mbaya. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Ubavu mmoja, mbavu nyingi. Ile n yetu ikikutana na b inageuka m, na r au l ikikutana na n inageuka d. Hakuna mtoto wa Pemba aliyefundishwa hayo, mdomo wake unayafanya wenyewe. Kisha nawaambia waseme "in" halafu "possible" kwa haraka, vidole vimegusa midomo. Wanahisi midomo inafunga kabla n haijamaliza. Basi Warumi nao walikuwa na midomo kama yetu. Baada ya hapo "impossible" haimpotei mtu tena.

"Un" yenyewe haigeuki: "unpaid", "unlucky", "unreal". Sababu yake ni kwamba "un" ni ya Kiingereza chenyewe cha asili, na "in" ni ya kuja. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanasema Kifaransa. Maneno ya Kilatini yakamiminika kupitia Kifaransa, yamekuja na kukataa kwao. Ndiyo maana wana "unlawful" na wana "illegal", zote mbili ni kinyume cha sheria, moja ya nyumbani na moja ya mgeni aliyehamia. Hili nalo kwetu si geni. Tuna si na ha za kwetu za kibantu, kisha tuna bila, iliyotoka kwa Waarabu, na ndani yake imo ile "la" ya Kiarabu, ya kukataa, ambayo kila mtoto aliyekaa chuoni anaijua kabla hajajua kusoma.

Mpaka wa asili na mgeni haukunyooka, lakini. Wanasema "unjust" halafu "injustice". "Unequal", halafu "inequality". "Unable", halafu "inability". "Unstable", halafu "instability". Sifa inachukua ya nyumbani, nomino inachukua ya Kilatini. Hapa sina njia ya mkato ninayoweza kumpa mtu. Nawaandikisha mawili mawili katika sentensi moja, mpaka sikio lizoee.

Nilidhani basi nimeshapona. Haikuwa hivyo.

Kama miaka miwili baada ya kikao kile, nilipata kazi ya muda kwa mtafiti mmoja wa kike aliyekuja kuhesabu viota vya kasa pale Misali. Nilimbebea vifaa, nikamfasiria kwa wavuvi, usiku tunatembea ufukweni na tochi zimezimwa ili kasa wasishtuke. Alipoondoka aliniandikia barua ya kunitambulisha, ukurasa mzima, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani nikaifungua. Katikati ya ukurasa imeandikwa "His help was invaluable".

Nikatoa kipimo changu. Ondoa "in", inabaki "valuable", chenye thamani. Inasimama. Basi "in" hii ni ya kukataa. Msaada wake haukuwa na thamani.

Niliikunja barua ile nikaiweka katika sanduku la mama, chini ya kanga. Sikumwambia mtu. Nilipitisha kichwani kila siku niliyofanya kazi na yule bibi, nikitafuta nilipomuudhi. Katika miezi hiyo hiyo ikatokea nafasi ya kazi, wanataka barua ya mtu uliyemfanyia kazi. Nikapeleka maombi bila barua. Sikuitwa.

Miezi minane ilipita ndipo nikamwambia maalim. Akasema, "Ilete." Akavaa miwani, akaisoma yote kutoka juu mpaka chini, taratibu, kama anavyosoma kila kitu. Kisha akaniuliza, "Hebu nisomee sentensi inayofuata." Nikaisoma: "I would work with him again tomorrow". Angefanya kazi na mimi tena hata kesho. "Na hii ya juu?" Ya juu ilisema bila mimi wangekosa nusu ya viota. "Sasa mtu anasema hivi na hivi, halafu katikati aseme kazi yako haina thamani? Umewahi kumsikia mtu akikusifu hivyo?"

Akanieleza kwamba "value" ni jina na pia ni kitenzi: thamani, na kuthamini. "Invaluable" imekwenda upande wa kitenzi. Ni kitu kisichothaminika, kisichowezekana kutiwa bei kwa ukubwa wake. Kwa Kiswahili ingenitosha herufi chache kujua tofauti: kisicho na thamani ni takataka, kisichokadirika thamani ni johari. Waingereza wana neno jengine la takataka, nalo ni "worthless". Na "priceless", isiyo na bei, ni ya johari vile vile.

Nililia pale barazani. Sioni haya kulisema. Nililia kwa ile miezi minane, na kwa yule bibi niliyemdhania ubaya naye kaniandikia wema. Nikajua pia kwamba kosa langu halikuwa la kutojua neno. Nilikuwa nimeiamini "in" moja nikayakataa maneno yote yaliyoizunguka, ukurasa mzima wa mashahidi.

Siku hizi nafundisha tuisheni ya jioni Chake, vijana wa kidato cha pili mpaka cha nne. Siwapi orodha. Neno haliingii daftarini kwangu mpaka liwe ndani ya sentensi, na sentensi iwe imetoka pahala: kwenye gazeti, kwenye maelekezo ya dawa, kwenye kitabu cha biolojia. Kabla ya kuwapa Kiingereza nawapa Kiswahili kwanza. Nawasimulia mtu kashuka chomboni, midomo imekauka, miguu haimbebi, anaomba maji kwa ishara, yu hoi. Nauliza, hoi ni nini? Wote wanajua. Nani aliwafundisha? Hakuna. Walilipata vile vile walivyopata maneno yote ya mama zao, neno limekuja limefuatana na midomo iliyokauka. Kisha naandika sentensi ya Kiingereza, nafunika neno gumu kwa kiganja, nawaambia waseme pale chini ya mkono wangu panafaa nini. Mara nyingi wanapata karibu. Ndipo naondoa mkono, tunakitazama kiambishi, tunaona kama vinakubaliana. Kamusi inakuja ya tatu, kuthibitisha.

Kuna viambishi ambavyo tofauti yake huwezi kuiona mpaka uiweke kwa watu. "Non" haina hasira, inaweka mtu au kitu upande wake tu. "Non-Muslim" ni asiyekuwa Muislamu, basi, hakuna lawama. "Un-Islamic" ni jambo lisiloendana na Uislamu, na hapo lawama imo. Karatasi ile ya Misali ilikuwa na "non-extraction zone", eneo lisilovuliwa, na ilikuwa na "illegal nets", nyavu haramu kama juya. La kwanza linaeleza, la pili linashitaki. Vile vile kadhi anatakiwa awe "disinterested", asiwe na maslahi yake katika kesi. Akiwa "uninterested", hajali wala hasikilizi, wenye haki wataumia. Na "mis" haikatai kabisa. "Misunderstand" ni kuelewa, lakini kuelewa vibaya, na mimi nafikiri hilo ni baya kuliko kutoelewa, maana asiyeelewa huuliza.

Nilipokuwa nafundisha "mis" mtoto mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. "Maalim, na Misali?" Darasa likacheka, lakini yeye alikuwa anauliza kweli. Nikasimamisha somo. Nikawahadithia wanavyosimulia wazee, kwamba Nabii Hidhri alifika pwani akataka msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa kile kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Jina lina baba yake na mama yake, nikamwambia, "mis" ya Waingereza haimo. Aliandika hadithi yote daftarini, kwa Kiswahili, ndani ya somo la Kiingereza, na sikumzuia.

Mwezi uliopita niliwapa "uninhabited". Huwapa kila mwaka, na kila mwaka moyo unanipiga kidogo. Kazi ilikuwa kila mtu atunge sentensi yake, ya kwao, yenye kitu ndani yake kinachoonyesha maana bila kuieleza. Wengi waliandika visiwa na mwezi wa angani. Katika darasa hilo yumo mjukuu wa yule nahodha aliyekuwa akishona wavu, ambaye sasa ni marehemu. Alisimama akasoma: "My grandfather's house is uninhabited, but my aunt still sweeps it every Thursday."

Nyumba ile naijua. Shangazi yake namjua, na ufagio wake wa chelewa naujua.

Nikamwambia aisome tena. Nyuma kabisa alikuwepo kijana ambaye ndiyo kwanza kaja siku ile, daftari jipya, hajaandika hata jina lake. Nikamuuliza, "Wewe, nyumba hiyo ikoje?"

Akafikiri kidogo. "Hamna anayekaa," akasema. "Lakini wanaifagia."

Nikampa chaki aje aiandike sentensi ya mwenziwe ubaoni.